Jinsi ya Kufuatilia Nasaba ya Familia Iliyotoka Uskoti na Ayalandi Hadi Kanada

Mtu anayeanza kutafuta mababu wa familia ya Kanada yenye asili ya Uskoti au Ayalandi hushikwa na haraka ya kuvuka bahari. Hufungua tovuti ya nyaraka za Edinburgh au Dublin, huandika John McDonald au Mary Sullivan, na papo hapo huletewa mamia ya watu, kila mmoja akionekana kuwa ndiye na asiwepo hata mmoja anayeweza kuthibitishwa. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa Kanada, na lengo lake ni moja: kupata jina la parokia ya Uskoti au la kitongoji cha Ayalandi alikotoka mhamiaji wa kwanza. Nyaraka za ng'ambo zimepangwa kwa mahali kuliko kwa majina, hivyo asiye na mahali hana mlango wa kuingilia.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoihitaji kazi hii wapo. Kuna waliooa au kuolewa katika familia za Ontario na Nova Scotia, na kuna watoto wao, ambao upande mmoja wa ukoo wanausikia ukisimuliwa kwa Kiswahili ilhali upande wa pili haujulikani zaidi ya jina la babu.

Walio hai kwanza

Kaa na wazee wa familia kabla ya kufungua kompyuta. Usiwaulize tu walitoka wapi, kwa maana swali hilo huleta jibu lililokaririwa. Waulize nani alizikwa wapi, nani alisimamia ndoa ya nani, watu walisali kanisa gani, na barua za Krismasi zilitoka mji gani. Omba uonyeshwe Biblia ya familia, kwani katika nyumba nyingi za Kiprotestanti kurasa zake chache ziliachwa kwa ajili ya kuandikia vizazi, ndoa na vifo. Kwa familia za Kikatoliki, ulizia kadi ndogo za kuwaombea marehemu. Geuza kila picha ya zamani uangalie nyuma, ambako huwa na mhuri wa studio na jina la mji. Kila unalolipata liandike pamoja na jina la aliyelisema na tarehe aliyolisema, kwa sababu baada ya mwaka mmoja hutakumbuka kama ni shangazi aliyeona cheti kwa macho yake au ni binamu aliyekisia.

Hadithi ya asili ipokee kwa heshima, lakini usijenge juu yake. Familia nyingi husema zilitoka Glasgow au Belfast kwa kuwa huko ndiko zilikopandia meli, au ndiko zilikoishi miaka ya mwisho kabla ya kuondoka. Mfano ulio wazi ni wa John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza wa Kanada. Alizaliwa Glasgow mwaka 1815, lakini asili ya upande wa baba yake ni Rogart, parokia ya Sutherland, kaskazini ya mbali ya Uskoti. Mtafutaji ambaye angeng'ang'ania Glasgow asingepata kizazi hata kimoja nyuma ya baba huyo. Familia ilihamia Kingston mwaka 1820, nayo haikwenda Kingston kwa kubahatisha, kwani jamaa wa mama yake walikuwa wametangulia huko. Hata siku yake ya kuzaliwa ina mgongano: rejista ya Uskoti inaonyesha 10 Januari, ilhali baba yake aliandika 11 Januari katika daftari lake la nyumbani, na hiyo ya pili ndiyo iliyoadhimishwa. Ikiwa mambo yalipishana hivyo kwa mtu mashuhuri, usiitupe rekodi ya mkulima wa kawaida kwa sababu tu inatofautiana siku moja, au hata miaka mitatu, na ile uliyo nayo.

Kurudi nyuma kwa ngazi ya sensa

Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada iliyoko Ottawa, ambayo mtandaoni utaipata kwa jina la Library and Archives Canada, imeweka bure sensa za kuanzia 1825 hadi 1931. Ile ya 1931 ilifunguliwa tarehe 1 Juni 2023, kwa kuwa sheria huzifungia sensa kwa miaka 92. Mtafute kwanza mtu unayemjua kwa hakika katika sensa ya karibuni zaidi, kisha rudi nayo familia hiyo nyuma, sensa baada ya sensa, bila kuruka hata moja. Sensa ya kwanza baada ya kuundwa kwa shirikisho la Kanada mwaka 1867 ni ya 1871, na tangu hapo hadi 1931 ilifanyika kila baada ya miaka kumi. Majimbo ya mbuga za magharibi yana nyingine za ziada za 1906, 1916 na 1926. Za kabla ya 1871 zina mapengo makubwa, hasa ya 1851, ambayo kurasa zake nyingi zimepotea. Hiyo ya 1851 ilichukuliwa Januari 1852 na iliuliza umri ambao mtu angefikisha siku yake ya kuzaliwa itakayofuata, kwa hiyo mtoto aliyeandikwa ana miaka sita huenda alikuwa bado na mitano.

Ukurasa wa sensa ya 1901 unastahili kusomwa polepole kuliko mwingine wowote. Katika mstari mmoja utaona jina, uhusiano na mkuu wa kaya, siku na mwezi wa kuzaliwa, mwaka wa kuzaliwa, umri, mahali pa kuzaliwa, mwaka wa kuingia Kanada, asili ya kikabila, uraia, dini na kazi. Mbele ya jimbo la kuzaliwa kuna herufi ndogo r au u, ya kwanza ikimaanisha shamba na ya pili mjini. Mwaka wa kuingia ndio unaokuokoa, kwa sababu unaipunguza safari ya kutafuta meli kutoka miaka thelathini hadi miwili au mitatu. Sensa ya 1921 nayo inaongeza mahali walikozaliwa baba na mama wa kila mtu, jambo linaloweza kukuonyesha kwamba bibi aliyedhaniwa kuwa Mwayalandi alizaliwa na baba Mskoti.

Soma safu ya asili, ya dini na ya mahali pa kuzaliwa kwa pamoja, kamwe usiisome moja peke yake. Mtu aliyezaliwa Ayalandi, mwenye asili ya Uskoti na dhehebu la Presbiteri, karibu kila mara anatoka Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, ambako Waskoti wa nyanda za chini walihamishiwa kwa wingi kuanzia mwanzoni mwa karne ya 17. Aliyezaliwa Uskoti akiwa Mkatoliki mwenye asili ya Ayalandi ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtoto wa vibarua waliovuka kwenda Glasgow, Paisley au Greenock kutafuta kazi. Na Mkatoliki mwenye asili ya Uskoti kabisa, hasa akiishi Cape Breton huko Nova Scotia au Glengarry huko Ontario, atakupeleka kwenye maeneo machache ya nyanda za juu na visiwa yaliyobaki na Ukatoliki, kama vile Barra, South Uist na Moidart. Safu tatu tu, na tayari ramani imekuwa ndogo.

Vyeti, makanisa na mawe ya makaburi

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo Kanada ni kazi ya kila jimbo, na kila jimbo lilianza kwa wakati wake. Ontario ilianza tarehe 1 Julai 1869. Nova Scotia iliandikisha vizazi na vifo kati ya 1864 na 1877, ikaacha, ikarudia tena 1908, lakini ndoa hazikukatika. Hifadhi yake ya nyaraka imeziweka bure mtandaoni pamoja na picha za kurasa zenyewe. New Brunswick ilianza 1888, na hifadhi yake ya jimbo nayo ni ya bure na ya ukarimu kupita kiasi. Newfoundland haikuwa sehemu ya Kanada hadi 1949, kwa hiyo mwenye mababu huko, ambao Waayalandi wao wengi walitoka Waterford, Wexford na Kilkenny, asipoteze muda kwenye sensa za Ottawa za karne ya 19. Akaulize hifadhi ya St. John's.

Katika ndoa za Ontario za baada ya 1869, mtafute kila ndugu wa babu yako, si babu peke yake. Fomu ilitaka majina ya wazazi wa pande zote mbili pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa, na ilitaka mahali pa kuzaliwa. Makarani wengi waliandika Ireland au Scotland wakaishia hapo, lakini yupo mmoja kati yao aliyejisumbua kuandika kaunti au parokia, na mara nyingi huyo aliandika ndoa ya pili ya shangazi ambaye hukuwa na mpango wa kumtafuta.

Quebec ni habari nyingine, na njema. Rejista za makanisa huko zilinakiliwa mara mbili na nakala moja ikapelekwa serikalini, kwa hiyo zimesalimika vizuri tangu enzi za Wafaransa. Mwanamke huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake hata akiwa mke na hata akiwa marehemu. Mapadri waliowafungisha ndoa Waayalandi mara nyingi waliandika majina ya wazazi na parokia na kaunti ya Ayalandi, ingawa kwa Kifaransa na kwa tahajia inayofuata sikio la Mfaransa. Familia iliyoishia Ontario huenda ilipumzika Quebec au Montreal mwaka mmoja ikabatiza mtoto huko. Ni vema kuangalia hata kama hakuna anayekumbuka.

Kwa waumini wa Presbiteri na Methodisti kuna jambo linalowachanganya wengi. Mwaka 1925 Wamethodisti wote na sehemu kubwa ya Wapresbiteri waliungana kuunda United Church of Canada, na rejista zao za zamani zikaenda kwenye hifadhi za kanisa hilo jipya. Ukiandikia kanisa la Presbiteri la kijijini ukajibiwa kwamba hakuna kitu, hilo halimaanishi kwamba daftari lilichomwa moto.

Kisha nenda makaburini, au kwenye tovuti zinazokusanya picha za makaburi. Waayalandi wa karne ya 19 walikuwa na desturi ya kuchonga kwenye jiwe kwamba marehemu ni mzaliwa wa parokia fulani katika kaunti fulani, na Waskoti wa visiwani waliandika kisiwa. Jiwe la mwanamke wa Kiskoti humtaja kwa jina la ukoo wake mwenyewe, likisema yeye ni mke wa fulani. Tafuta jiwe la kila mtu mwenye jina la ukoo huo katika makaburi yote ya eneo hilo. Kaka wa mhamiaji, aliyekufa bila mtoto na ambaye hakuna anayemkumbuka, ndiye mara nyingi mwenye jiwe lililoandikwa kwa ukamilifu, kwa sababu ndugu zake walitaka walau jina lake lijulikane lilikotoka.

Meli, na kwa nini usizitegemee sana

Kila mtu hutaka jina la meli. Ukweli ni kwamba kabla ya 1865 Kanada haikuwa na orodha kamili za majina ya abiria wa kuingia. Zinazopatikana kwa mpangilio huanza na Quebec mwaka huo, Halifax mwaka 1881 na Saint John, bandari ya New Brunswick, mwaka 1900. Hata orodha inayojulikana ya meli ya Hector, iliyowaleta Waskoti wapatao 189 Pictou, Nova Scotia, mwaka 1773, iliandikwa miaka mingi baadaye kwa kumbukumbu. Zaidi ya hayo, orodha nyingi za karne ya 19 humtaja abiria kuwa mkulima kutoka Ireland na kuishia hapo. Furaha ya kuipata ni kubwa kuliko faida yake.

Lenye faida ni kujua mkondo wa biashara ya wakati ule. Meli zilizobeba mbao kutoka Quebec na Saint John kwenda Liverpool, Greenock, Londonderry na Cork zilirudi bila shehena ya maana, na wenye meli wakajaza nafasi hiyo kwa wahamiaji kwa nauli iliyokuwa nafuu kuliko ya New York. Ndiyo sababu wengi waliotua Quebec hawakukusudia kukaa Kanada, na wengine waliokaa Kanada walipitia Marekani. Thomas D'Arcy McGee, mmoja wa waasisi wa shirikisho, alizaliwa Carlingford katika kaunti ya Louth, akaenda Boston mwaka 1842, na hakuhamia Montreal hadi 1857. Kama babu yako hapatikani katika sensa ya 1851, mtafute ng'ambo ya mpaka katika sensa ya Marekani ya 1850.

Kwa waliokuja mwaka 1847, wakati njaa ya Ayalandi ilipofikia ukali wake, fungua orodha za Grosse Île, kisiwa cha karantini katika mto St. Lawrence kilichofunguliwa 1832. Zaidi ya watu 5,000 walizikwa hapo mwaka huo mmoja, wengi kwa homa ya taifasi. Orodha hizo zinataja waliofia kisiwani na baharini, na pia watoto waliozaliwa au kubatizwa hapo. Mtoto aliyebaki yatima akalelewa na familia ya Wakanada Wafaransa anaweza kuonekana katika sensa kama Mfaransa kwa kila kitu isipokuwa jina lake la ukoo.

Fuata majirani

Hapa ndipo watafutaji wazoefu wanapotofautiana na wanaoanza. Watu hawakuhama mmoja mmoja. Walihama kwa ukoo, kwa parokia, kwa mwenye shamba aliyewafukuza au kwa mpango wa serikali, na walipofika walijenga mashamba ubavu kwa ubavu na wale wale. Wafumaji wa Glasgow na Lanarkshire waliopewa msaada mwaka 1820 na 1821 walikaa katika eneo la Ontario ambalo hadi leo linaitwa Lanark. Peter Robinson, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliwaleta watu wa Cork na maeneo ya jirani mwaka 1823 na 1825, na kundi la pili, la watu wapatao 2,000, ndilo lililozaa mji wa Peterborough. Watu wa kisiwa cha Lewis walikwenda Eastern Townships za Quebec na kaunti ya Bruce huko Ontario. Walioletwa na Lord Selkirk, bwana wa Kiskoti aliyeanzisha makazi ya wahamiaji, mwaka 1803 katika Prince Edward Island walitoka zaidi kisiwa cha Skye, na wale aliowapeleka Red River, ilipo Winnipeg ya leo, kuanzia 1812 walikuta huko watu wa visiwa vya Orkney walioajiriwa na kampuni ya Hudson's Bay, ambayo nyaraka zake, pamoja na maelezo ya maisha ya watumishi wake, zimehifadhiwa Winnipeg.

Kwa hiyo chora ramani ndogo. Chukua ukurasa wa sensa wenye familia yako, pamoja na kurasa mbili kabla na mbili baada yake, uandike majina ya kaya zote. Ongeza wasimamizi wa ubatizo wa kila mtoto, mashahidi wa kila ndoa, na majina yaliyotajwa katika maombi ya ardhi, ambayo kwa Ontario ya kale yamewekwa katika hifadhi ya Ottawa na humfanya mwombaji ajieleze: alifika lini, ana watoto wangapi, aliwahi kuwa askari au la. Jina linalojirudia mara tatu si jirani tu. Mtafute yeye. Asili yake ikijulikana, asili ya familia yako iko umbali wa kutembea kwa miguu.

Majina

Waskoti, na kwa kiasi fulani Waayalandi, walikuwa na utaratibu wa kuwapa watoto majina ambao msomaji wa Afrika Mashariki ataufahamu haraka, kwani unafanana na ule wa Wagikuyu: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Tofauti iko kwa mabinti. Kwa Waskoti binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa mama, na wa pili la bibi mzaa baba. Mtoto wa tatu wa kila jinsia huchukua jina la mzazi mwenyewe. Utaratibu huu si ushahidi, na familia nyingi ziliuvunja, lakini panga watoto wote kwa umri, pamoja na waliokufa wakiwa wachanga, na utapata majina manne ya kukisia ya kizazi kilichobaki ng'ambo.

Jiandae pia kwa majina yanayobadilika. Donald na Daniel ni mtu mmoja katika jamii za Kigaeli. Peter na Patrick hubadilishana huko Uskoti. Jessie ni Janet, Effie ni Euphemia, Peggy ni Margaret; kwa Waayalandi, Delia ni Bridget, Darby ni Jeremiah, Nora ni Honora. Mac na Mc havina tofauti yoyote, na O' ilidondoshwa na kurudishwa kwa hiari ya mwandishi. Mwanamume mwenye jina la kawaida katika kijiji cha Cape Breton alitambulishwa kwa mlolongo wa baba na babu au kwa lakabu, na lakabu hiyo, ikiwa imehifadhiwa na wazee, ina thamani kuliko cheti, maana katika parokia yenye akina Donald MacDonald kumi na wanane hakuna kitu kingine kitakachowatenganisha.

Ukishavuka kwenda Uskoti

Uskoti ni rahisi kwa aliyejiandaa. Tovuti moja ya serikali, ScotlandsPeople, ina karibu kila kitu. Unatafuta katika faharasa bure na unalipia picha ya rekodi. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855, na vyeti vyake vina maelezo mengi kuliko vya nchi jirani: cheti cha kifo hutaja baba na mama wa marehemu pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa, na cheti cha kuzaliwa kuanzia 1861 hutaja tarehe na mahali wazazi walipooana. Vya mwaka 1855 wenyewe vina mambo mengi hata makarani wakalalamika, na fomu ikapunguzwa. Hapa mbinu ni ile ile ya kutafuta ndugu: babu yako aliondoka mwaka 1832, lakini dada yake aliyebaki akafa mwaka 1868 ameacha cheti chenye majina ya wazazi wao wote wawili.

Kabla ya 1855 unategemea rejista za parokia za kanisa la taifa. Za miji na nyanda za chini hurudi mbali. Za visiwa na nyanda za juu huanza kwa kuchelewa na zina mapengo. Madaftari ya wazee wa kanisa, ambayo tovuti hiyo huyaonyesha bure, yanataja waliosaidiwa kwa umaskini na waliohojiwa kwa kuzaa nje ya ndoa, na wakati mwingine ndiyo pekee yanayomtaja baba wa mtoto. Maktaba ya Taifa ya Uskoti nayo imeweka bure ramani za zamani ambazo zinaonyesha hata nyumba zilizokwisha kubomolewa.

Ukishavuka kwenda Ayalandi

Ayalandi inadai subira. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za taifa lililokuwa ndani ya Four Courts, majengo ya mahakama huko Dublin, liliteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliangamia isipokuwa vipande, na zaidi ya nusu ya rejista za kanisa la Anglikana zilikwenda pamoja nazo. Sensa za 1861 na 1871 hazikusubiri moto, kwani serikali yenyewe iliamuru ziharibiwe, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa vita vikuu vya kwanza. Sensa kamili za kwanza kupatikana ni za 1901 na 1911, na zote ni bure. Wengi husikia habari hizi wakakata tamaa mapema mno, wakati vilivyobaki vinatosha kwa mwenye jina la mahali.

Mahali penyewe pana ngazi: kaunti, parokia ya kiserikali, kisha kitongoji, ambacho kwenye tovuti utakiona kimeandikwa townland. Vitongoji hivyo ni zaidi ya 60,000, vingine vina nyumba tatu tu, na jina moja hurudiwa katika kaunti nyingi. Parokia ya Kikatoliki ina mipaka yake tofauti na ile ya kiserikali, na mara nyingi ina jina jingine kabisa. Andika zote mbili kwenye karatasi yako tangu mwanzo.

Rekodi ya kuanzia ni tathmini ya mali iliyosimamiwa na ofisa wa serikali, Richard Griffith, kati ya 1847 na 1864, inayopatikana bure. Inataja kila mkuu wa kaya aliyekuwa na nyumba au shamba, mwenye ardhi aliyemkodishia, ukubwa na thamani, na namba inayokuelekeza kwenye ramani. Itazame kwa makini: palipokuwa na watu wawili wenye jina moja katika kitongoji kimoja, karani aliongeza kwenye mabano jina la baba au lakabu kama vile Red, na hivyo John Murphy aliyeandikwa Michael mbele yake ni John mwana wa Michael. Kwa walioondoka mapema zaidi kuna madaftari ya zaka ya 1823 hadi 1837, ambayo hutaja wenye mashamba tu. Ikiwa unajua kaunti peke yake, chukua jina la ukoo la mume na lile la mke, uangalie ni parokia zipi katika tathmini hiyo zenye majina yote mawili. Kaunti yenye parokia sabini inaweza kubakiwa na nne.

Baada ya hapo ingia kwenye rejista za Kikatoliki, ambazo Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeziweka bure kama picha, hadi takriban 1880. Nyingi ziko kwa Kilatini, lakini ni Kilatini cha maneno machache: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, na majina ya ukoo hubaki kwa Kiingereza. Rejista nyingi za magharibi hazifiki nyuma zaidi ya miaka ya 1820, na kwa familia ya wapangaji wadogo hapo ndipo utafiti wa kweli hukomea. Anayekuuzia ukoo wao hadi karne ya 12 anakuuzia hadithi. Usajili wa serikali kwa wote ulianza tarehe 1 Januari 1864, na ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kuandikishwa 1845. Picha zake ziko bure kwenye irishgenealogy.ie. Kwa kaunti sita za Ayalandi ya Kaskazini, hifadhi ya nyaraka ya Belfast, PRONI, ndiyo mahali pa kuuliza baada ya hapo.

Kwa familia iliyopitia nchi zote mbili, usiisahau hifadhi ya jiji la Glasgow. Maombi ya msaada wa maskini yaliyohifadhiwa huko humtaja mwombaji, watoto, wazazi, na kwa mzaliwa wa Ayalandi mara nyingi parokia yake, kwa sababu maofisa walitaka kujua ni nani anayepaswa kulipa gharama.

Vipimo vya DNA

Asilimia zinazosema wewe ni Mskoti kiasi hiki na Mwayalandi kiasi kile zipuuze, kwa kuwa watu wa Ulster na wa kusini magharibi mwa Uskoti wamechanganyika karne nyingi. Chenye manufaa ni orodha ya watu mnaolingana nao. Mpime mzee wa kizazi cha juu kabisa aliye tayari, kisha tafuta miongoni mwa wanaolingana naye wale ambao familia zao hazikuhama, kwa maana wao bado wanajua jina la kitongoji.

Barua ya kwanza ya ng'ambo

Ukipata kitongoji au parokia, madaftari ya marekebisho ya tathmini, yaliyoendelea kuandikwa baada ya Griffith, yatakuonyesha jina la familia yako likikatwa kwa wino na la mpangaji aliyefuata likiandikwa juu yake, pamoja na mwaka. Mara nyingi aliyefuata ni shemeji au binamu. Ya kaunti za kaskazini yako mtandaoni kupitia PRONI; ya zingine yako Dublin. Ndipo uandikie chama cha historia cha eneo hilo au ofisi ya parokia. Barua iwe ya ukurasa mmoja, ikitaja kitongoji, majina ya mume na mke pamoja na ukoo wa mke, watoto waliozaliwa kabla ya safari, mwaka wa kuondoka, na mahali walikofikia Kanada. Eleza ulichokwisha kukiona na mahali ulipokiona, uliza swali moja tu, na ambatisha nakala ya ukurasa wa daftari badala ya mti mzima wa ukoo.